Mpagazi na Njia ya Ugavi: Somo la Mute

Kusini mwa mji wa Palma, katika wilaya ya kaskazini kabisa ya pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, pana kijiji kiitwacho Mute. Hakina ngome, hakina bandari wala reli. Wenyeji wa wilaya hiyo ni wakulima na wavuvi, na baadhi ya lugha zao, kama Kimakwe na Kimwani, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili chetu. Aliyelelewa Mtwara au Mikindani akifika huko hasikii ugeni mkubwa. Lakini kijiji hicho kimo katika njia inayounganisha Palma na Mocímboa da Praia, nazo hizo ni bandari mbili za pwani hiyo. Kwa sababu hiyo, katika muda wa miaka mia moja na kitu, vita vitatu vikubwa vimepita katika nchi hiyo, na kila kimoja kimeacha somo moja lilelile juu ya ugavi wa majeshi.

Mazungumzo yetu ya leo tunayaelekeza kwenu hasa, askari mlioko makambini, vituoni na mipakani. Vitabu vingi vya vita huandika habari za majemadari na mashambulizi. Habari za yule aliyebeba gunia la unga kichwani huandikwa mistari miwili, kisha zikasahauliwa. Hata hivyo, askari yeyote aliyewahi kulala siku tatu porini akisubiri gari la posho anajua nani alikuwa mtu muhimu zaidi siku ile.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ugavi ni hesabu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25 za nafaka. Kila siku lazima ale, na tuseme anakula kilo moja. Akienda mwendo wa siku kumi kufika kwenye kikosi, amekwisha kula kilo kumi. Lazima arudi, na njiani atakula kumi nyingine. Kwa hiyo, katika kilo 25 alizotoka nazo, anazoweza kukabidhi ghalani ni kilo tano tu. Sasa chukua kombania ya watu mia moja, wanaokula kilo mia moja kwa siku. Ili kombania hiyo isilale njaa, lazima wapagazi 20 wafike kila siku, na kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ni siku 20, lazima wawepo wapagazi 400 njiani wakati wote. Watu 400 kwa ajili ya watu mia moja! Na hapo hatujataja risasi hata moja, wala dawa, wala chumvi.

Lakini hebu tuseme kwamba vijiji vilivyo njiani vinampokea mpagazi yule kwa hiari na kumpa chakula. Hapo kilo zote 25 zinafika. Kombania ileile inahitaji wapagazi 80 badala ya 400. Tofauti ya 400 na 80 haikuletwa na barabara mpya, wala lori, wala ndege. Imeletwa na mapatano baina ya jeshi na watu wanaokaa kando ya njia. Ndugu msikilizaji, iweke hesabu hiyo moyoni, kwa maana yote yatakayofuata ni maelezo yake.

Kabla ya ukoloni, njia za pwani ile zilikuwa za biashara. Ghuba ya Tungi, mahali ilipo Palma leo, ilikuwa chini ya sultani wake aliyehusiana na Zanzibar, na mashua zilipakia mali za bara na kuteremsha nguo na vyombo. Mwaka 1887 Wareno waliiteka Tungi kwa nguvu za manowari, wakaiondoa katika mikono ya Seyyid Barghash wa Zanzibar. Muda mfupi baadaye, kaskazini yote ya Msumbiji ikakabidhiwa Kampuni ya Nyasa, ambayo hati yake ilitolewa mwaka 1891 na kumalizika mwaka 1929. Kampuni hiyo ilitoza kodi ya kichwa na ya nyumba, ikawalazimisha watu kufanya kazi, na familia nyingi zikavuka Ruvuma kuja upande wa kaskazini. Ndivyo njia iliyokuwa ya mali ilivyogeuzwa kuwa njia ya kukimbilia.

Katika hali hiyo vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Mwezi Aprili 1916 Wareno waliichukua Kionga, pembe ndogo ya ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma iliyokuwa imeshikwa na Wajerumani. Kisha jeshi jipya kutoka Ureno likashuka Palma chini ya Jenerali Ferreira Gil, na mwezi Septemba likavuka Ruvuma. Mwezi Oktoba liliingia Newala. Kabla ya mwisho wa Novemba lilikuwa limezingirwa, limetimuliwa, na limerudi kusini ya mto. Kilichowaangusha Wareno hao hakikuwa risasi za Wajerumani peke yake. Askari wao wengi zaidi walikufa kwa maradhi kuliko kwa vita, na chakula na dawa havikuwafikia kwa wakati. Wapagazi walikuwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu, na mtu aliyekamatwa kwa nguvu hutoroka usiku wa kwanza anaopata nafasi. Kila aliyetoroka aliacha kilo 25 porini, na kila kijiji kilichosikia habari zake kilihamia msituni pamoja na chakula chake.

Upande wa Wajerumani ulikuwa na somo la namna mbili. Mwezi Machi 1916 meli yao iitwayo Marie iliupenya ulinzi wa manowari za Waingereza, ikaingia katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi. Ilikuwa imebeba mizinga, risasi na dawa. Wale walioipakia huko Ulaya walifikiri mbele: shehena ilikuwa imekwisha kugawanywa katika mizigo ya kiasi cha kubebwa na mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo ilipakuliwa upesi na kutoweka bara kabla ya adui kuipata. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua ugavi, kwa kuwa aliitazama safari kuanzia miguu ya mpagazi wa mwisho akarudi nyuma hadi bandari ya kwanza.

Lakini akili hiyo ya kufunga mizigo haikuambatana na utu kwa wale walioibeba. Majeshi yote, ya Wajerumani na ya Waingereza, yalijilisha kwa kunyang'anya nafaka na ng'ombe. Katika nchi ya Ugogo njaa iliyofuata unyang'anyi huo, pamoja na ukame, inakumbukwa hadi leo kwa jina la Mtunya. Mwezi Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alijikuta hana chakula wala risasi za kutosha kwa jeshi lake lote. Akawaacha nyuma wagonjwa na wengi wa watu wake, akavuka Ruvuma na kikosi kilichopungua, na tarehe 25 Novemba akaishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano ili apate bunduki, risasi na chakula chao. Tangu siku hiyo hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, aliishi kwa kuhama. Jeshi la namna hiyo huweza kusifiwa kwa ushupavu, lakini haliwezi kukaa mahali. Hula nchi iliyo mbele yake, na nyuma yake huacha majivu.

Pande zote katika vita vile zilitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa walikaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Jina lao tunalitamka kila siku bila kulifikiria. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimepata jina kutoka kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Askari apitaye sokoni Kariakoo akumbuke kwamba anapita juu ya kumbukumbu ya watu waliolisha vita visivyokuwa vyao.

Baada ya vita vya pili vya dunia, kusini mwa Tanganyika kulishuhudiwa kosa la namna nyingine. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara na reli ikatandikwa kuelekea bara. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36, kwa kuwa karanga zilizotarajiwa hazikuota. Palikuwa na gati na reli, lakini hapakuwa na mzigo. Miaka ya mwanzo ya uhuru reli ile iling'olewa. Njia isiyokuwa na shehena ya kwenda na kurudi haidumu, hata ikijengwa kwa chuma.

Hata hivyo, bandari ya Mtwara na mashamba ya Nachingwea vilikuwa vinangojea kazi nyingine. FRELIMO iliundwa mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mapambano ya silaha yalianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, katika Cabo Delgado. Kambi kuu ya mafunzo ikawekwa Nachingwea, katika shamba lililojulikana kwa namba yake ya mradi wa karanga, Shamba namba 17. Silaha kutoka nchi rafiki zilipokewa Tanzania, zikapelekwa kusini, zikavushwa Ruvuma kwa mitumbwi. Baada ya hapo ilianza safari ya miguu, ya siku nyingi, kupitia uwanda wa Wamakonde na misitu iliyoko nyuma ya pwani.

Nani aliyebeba? Wanakijiji walibeba, wanaume kwa wanawake, na tangu mwaka 1967 Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO kikawa na sehemu kubwa katika uchukuzi huo. Wanawake walibeba makasha ya risasi kichwani, wakilala mchana na kutembea usiku. Wapiganaji walilima mashamba katika vituo vyao, na wanakijiji wakatoa sehemu ya mavuno yao. Hapa ndipo hesabu yetu ya 400 na 80 ilipotendeka. Mpagazi alilishwa njiani, kwa kuwa njia nzima ilikuwa ya watu walioamini kwamba mzigo ule ni wao.

Lakini imani peke yake haimvishi mtu nguo. Maduka ya wakoloni yalikuwa yamefungwa katika maeneo yaliyokombolewa, na watu hawakuwa na chumvi, sabuni, nguo wala majembe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. FRELIMO ikapanga biashara: korosho, karanga na ufuta vilikwenda kaskazini hadi Tanzania, na bidhaa za lazima zikarudi kusini. Kwa utaratibu huo, safari haikuwa na mguu mtupu. Aliyeteremka na ufuta alirudi na risasi au chumvi, na jasho la safari moja likazaa mara mbili. Mipango bora ya uchukuzi duniani, ya meli na ya magari, hadi leo inatafuta jambo hilohilo: chombo kisirudi kitupu.

Na ni katika biashara hiyo ndipo njia ile ilipokaribia kukatika, tena kutoka ndani. Wasimamizi wa biashara katika Cabo Delgado walikuwa wenyeviti waliokuwa chini ya Lazaro Kavandame, mwenyekiti wa mkoa. Wakulima walilalamika kuwa wanapeleka mazao mengi na kurudishiwa kitambaa kidogo, na FRELIMO ikawashutumu wenyeviti hao kwa kujitajirisha kwa migongo ya watu. Mgogoro ulikuwa mkali, na ulikuwa pia wa siasa na wa madaraka. Tarehe 22 Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma kwenda Cabo Delgado. Mwanzoni mwa 1969 Kavandame alivuliwa wadhifa, na mwaka huohuo akajisalimisha kwa Wareno. Wareno walikuwa na ndege na mizinga, lakini hatari iliyokuja karibu zaidi na kuukata mkondo wa ugavi ilikuwa mizani ya dukani iliyopunja wakulima.

Tarehe 1 Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha mashambulizi makubwa yaliyopewa jina la Fundo la Gordio. Maelfu ya askari, pamoja na mizinga na ndege, walielekezwa uwanda wa Mueda kuzivunja kambi kubwa za FRELIMO, zikiwemo zile zilizoitwa Moçambique, Gungunhana na Nampula. Kambi zilitekwa, na nyingi zilikutwa zimekwisha kuhamwa. Kambi kubwa ni shabaha kubwa, na kweli FRELIMO ilipata hasara. Lakini wapiganaji walitawanyika, akiba zikagawanywa katika maficho madogo madogo, na uzito wa vita ukasogezwa zaidi Tete, ambako njia nyingine ya ugavi ilipitia Zambia. Wareno, kwa upande wao, walitegemea misafara ya magari katika barabara chache, kama ile ya kutoka Mocímboa da Praia hadi Mueda, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliifanya safari ya saa chache kuwa ya siku kadhaa. Jeshi lenye njia moja pana lilisimama, na lile lenye vijia vingi vyembamba likaendelea kutembea. Wareno waliwakusanya pia wanakijiji katika vijiji vya ulinzi, wakikiri kwa tendo hilo kwamba njia ya adui wao ilikuwa watu wenyewe. Tarehe 25 Aprili 1974 serikali ya Lisbon ilipinduliwa na wanajeshi wake, tarehe 7 Septemba mapatano yakatiwa sahihi Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Ndugu msikilizaji, sasa turudi katika ile njia ipitayo Mute. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na vita vipya vikaanza katika Cabo Delgado. Mwezi Agosti 2020 mji huo na bandari yake ulitekwa. Tangu hapo barabara ya kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma haikuwa tena njia ya chakula. Mwanzoni mwa 2021 Palma ilikuwa kama kisiwa: bidhaa ziliadimika, bei zikapanda, na mtu wa kawaida hakuwa na namna ya kuingiza gunia la mchele. Karibu yake, katika rasi ya Afungi, palikuwa na mradi wa gesi wa mabilioni ya dola, wenye uwanja wake wa ndege na gati lake. Mahali palepale palikuwa na njia mbili za ugavi, moja iliyoshiba na moja iliyokauka. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Maelfu ya watu walikimbilia porini na pwani, na wengi waliokolewa kwa vyombo vya baharini.

Majeshi ya Rwanda yaliwasili Julai 2021, na tarehe 8 Agosti, pamoja na majeshi ya Msumbiji, yakaikomboa Mocímboa da Praia. Kikosi cha nchi za kusini mwa Afrika, ambamo Tanzania ilikuwamo, kilihudumu kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024. Katika miaka ya vita hivyo idadi ya watu waliohama makwao ilifikia takriban milioni moja. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika ukatili wa washambuliaji, na pia malalamiko ya raia juu ya baadhi ya askari wa serikali. Tunayataja haya kwa sababu kila raia aliyeumizwa na mtu mwenye sare ni kituo kimoja kilichofungwa katika njia ya jeshi lile.

Nini basi cha kuchukua kutoka katika historia hii?

Kwanza, njia ya ugavi isihesabiwe kwa urefu wake tu, ihesabiwe pia kwa watu waliomo. Afisa anayepanga safari ajiulize nani atamlisha dereva, nani atamwonyesha kivuko, nani atamwambia kuwa daraja la mbele limetegwa bomu. Pili, akiba isiwekwe yote mahali pamoja, na njia isiwe moja. Haba na haba iliyotawanywa vizuri hushinda ghala kubwa linaloonekana kutoka angani. Tatu, chombo kinachopeleka kirudi na kitu, ili wanaokaa kando ya njia wapate faida ya njia hiyo wakati wa amani. Barabara iliyomsaidia mkulima kuuza korosho zake jana, ataitunza na kuilinda leo.

Na nne, jambo hili lawahusu hasa askari wa vizuizi vya barabarani na wa mipakani. Kuku anayechukuliwa bila malipo, mzigo wa ufuta unaozuiliwa mpaka kitu kitolewe, mama anayeambiwa aache nusu ya dagaa wake ndipo apite: mambo haya huonekana madogo kwa anayeyatenda. Lakini tumeona hesabu yake. Ndiyo yanayotuondoa kwenye 80 na kuturudisha kwenye 400. Siku ya shida, askari yuleyule atakuwa msituni, redio yake imekufa, posho imechelewa, na wa kumtegemea atakuwa mama yule aliyemnyang'anya dagaa.

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wapagazi wa mwaka 1916 walitukanwa, na jeshi lililowatukana likafia njiani. Wabebaji wa Ruvuma waliheshimiwa, na mzigo wao ukafika. Njia ipitayo Mute ingalipo, na watu wake wangalipo. Askari atakayepita huko, au katika kijiji chochote kinachofanana na hicho, anunue kwa bei ya haki, ashukuru, kisha aendelee na safari yake. Hapo atakuwa amejenga ghala ambalo adui hawezi kulichoma.